Mdogo wangu kaumia mguu, bega na sikio kazini hapa Kigoma, mwajiri anataka asaini milioni tatu. Asaini?

Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisomee taratibu maana usiku huu sidhani kama nitalala.

Mdogo wangu ana miaka 29, yuko kwenye mashine ya kusaga kokoto. Sitataja ni ya nani, ila ni nje ya mji ukielekea Kasulu. Mwezi wa pili alipanda juu kutoa jiwe lililokwama, mtu wa chini akawasha mkanda hajui kama jamaa bado yuko juu. Mkanda ukamvuta mkono, akaanguka kama mita tatu, kichwa kikagonga chuma. Mguu wa kulia ulivunjika muundi, wamemfunga chuma ndani. Bega la kulia lilichomoka, likarudishwa. Na tangu siku hiyo sikio la kulia linavuma kama redio iliyokosa stesheni, ukimwita upande huo hageuki.

Kituo alichokimbizwa kwanza waliandika mguu tu, maana ndio uliokuwa unatoka damu.

Sasa ni miezi mitano. Jana mwajiri kamwita ofisini, kamwagizia chai na chapati, kamwekea karatasi mezani: milioni tatu taslimu, na maneno "nimelipwa fidia yangu yote na sina madai mengine yoyote". Mshahara wake ni laki nne. Siku ya kusaini ni Ijumaa. Mama anasema chukua, watoto wana ada. Baba mdogo anasema chukua, hawa watu kesho wanahamisha mashine. Yeye mwenyewe ananiangalia mimi kwa kuwa nilifika fomu sikisi. Jamani mimi nilisoma HGL, historia, jiografia na Kiingereza, si sheria.

Gungu Mjini

Fimbo ya mbali haiui nyoka mkuu. Milioni tatu iko mezani, hizo fidia za serikali utazisubiri mpaka ziwa likauke. Achukue anunue bodaboda.

Binti wa Ujiji

Bodaboda na mguu wenye chuma? Mtoa uzi, ASISAINI. Niko jikoni, nikishaepua ugali narudi.

Mzee wa Stesheni

Niko Tabora, mstaafu wa reli. Wanangu nyie hamjui mlikotoka. Kwa sheria ya zamani ile iliyoachwa na Mwingereza, mtu akilemaa moja kwa moja kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000. Akifa, warithi wanapewa 83,000. Tulikuwa na mwenzetu alibanwa kati ya mabehewa, akapoteza mkono. Pesa yake haikufika hata kununua ng'ombe wawili wa maana. Ndiyo maana wazee wengi mpaka leo wakiona milioni wanatetemeka na kutafuta kalamu. Huyo baba mdogo simlaumu.

Mwisho wa Reli

Shikamoo mzee. Kwa hiyo sasa hivi imebadilika?

Mzee wa Stesheni

Marahaba. Imebadilika. Msubiri huyo binti, anaonekana anajua.

Binti wa Ujiji

Nimerudi. Mimi nimekaa miaka tisa kwenye ofisi ya mishahara, madai ya ajali yamepita mikononi mwangu, kwa hiyo hili silisemi kwa kusikia.

Sheria ni ya mwaka 2008, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko wenyewe, ndio WCF mnaousikia redioni, ulianza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sekta binafsi walianza kwa asilimia 1 ya mishahara yote, ikashuka, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5 sawa na serikali. Sasa jiulize: mtu ambaye ameshachangia Mfuko ili umlipie ajali, kwa nini atoe milioni tatu za mfukoni? Majibu yako machache. Hajajisajili. Au amejisajili ila anatangaza mshahara mdogo kuliko anaolipa. Au hataki wakaguzi wa usalama kazini waje waulize kwa nini mkanda hauna kufuli ya kuuzima mtu akiwa juu. Hakuna hata moja ambalo mdogo wako anapaswa kulibebea mzigo.

Tuje kwenye hesabu. Ulemavu wa kudumu unapimwa na daktari kwa asilimia. Ikiwa asilimia 30 kushuka chini, unalipwa mkupuo: asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, mara 84, mara asilimia ya ulemavu. Ikizidi 30, hulipwi mkupuo, unalipwa pensheni kila mwezi: asilimia 70 ya mshahara mara asilimia ya ulemavu.

Mshahara laki nne, asilimia 70 yake ni 280,000. Mara 84 ni 23,520,000. Tuseme, kwa mfano tu, daktari akauona mguu peke yake akampa 12. Inakuja 2,822,400. Umeona ilipotoka ile milioni tatu? Huyo mwajiri hakuiokota hewani. Kuna mtu kampigia hesabu ya mguu, akamwongezea kidogo ili ionekane ni ukarimu.

Lakini mdogo wako hakuumia mguu tu.

Gungu Mjini

Dah. Nimekaa vizuri sasa.

Kaka wa Katubuka

Dada naomba ufafanuzi. Wakimpa mguu 20, bega 15, si tayari ni 35? Kwa nini watu wanasema wanapunjwa kwenye kujumlisha?

Binti wa Ujiji

Kwa sababu hazijumlishwi kama vitunguu sokoni. Vitabu vya tathmini ambavyo madaktari wa nchi nyingi wanavifuata vinasema hivi: mwili mzima ni 100. Jeraha la kwanza likichukua 20, umebaki na 80. Jeraha la pili la 15 halichukui 15 ya mwili mzima, linachukua asilimia 15 ya hiyo 80 iliyobaki, yaani 12. Jumla 32. Ukianzia bega kisha mguu utafika palepale, 15 halafu asilimia 20 ya 85 ambayo ni 17, jumla 32. Lengo ni kwamba mtu mwenye majeraha kumi asije akaandikwa ana ulemavu wa 140 wakati bado anapumua.

Sasa angalieni mstari wa 30 unavyokata. Mguu 20 na bega 10: mtu wa kawaida atasema 30, kumbe ni 28, anapata mkupuo wa 6,585,600. Mguu 20 na bega 15: ni 32, amevuka, anaingia kwenye pensheni ya 89,600 kila mwezi. Ukiitazama 89,600 utaona ndogo. Ila kwa miezi 84 tu ni 7,526,400, na yeye ana miaka 29. Akifika 36 ameshapita mkupuo na bado inaingia. Na sikio bado sijaligusa! Wakimpa hata 5 ya sikio, inachukuliwa kwenye 68 iliyobaki, inakuwa 3.4, jumla 35.4.

Kwa hiyo jeraha dogo ambalo halikuandikwa ndilo linaloweza kumvusha mtu mstari. Narudia, hizo asilimia ni za mfano. Anayepima ni daktari, si mimi wala nyie.

Nesi wa Kibondo

Niongezee kwenye sikio maana hapo watu wengi wanapotea.

Huyu kijana kafanya kazi kwenye mashine ya kokoto, ile kelele nyie mnaijua, ukisimama nayo dakika kumi unaongea kwa ishara. Kwa hiyo sikio lake linaweza kuwa limeharibika kwa njia mbili. Moja, kichwa kilipogonga chuma, hiyo ni ajali ya siku moja. Mbili, kelele ya miaka, huo unahesabika ugonjwa utokanao na kazi. Zote mbili sheria ile ile inazifidia lakini ushahidi wake ni tofauti. Kelele kwa kawaida huharibu masikio yote mawili kwa kukaribiana. Akipimwa usikivu na kuonekana kulia kumekufa na kushoto ni kuzima, hiyo inaelekea kwenye ajali. Akikutwa yote yameshuka ila kulia zaidi, yawezekana ni vyote viwili, na daktari aelezwe historia yote.

La pili. Asikubali tathmini ya mwisho kufanywa mapema. Mguu una chuma, bega bado hajafanya mazoezi ya kutosha. Asilimia ya kudumu hupimwa hali ikishatulia, pale ambapo matibabu zaidi hayatarajiwi kubadilisha kitu kikubwa. Katika kusubiri hakai njaa, kuna malipo ya ulemavu wa muda, asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24.

La tatu ni la kwangu mwenyewe kama mtu niliyekaa wodini. Wanaume wakiulizwa "unaumwa wapi" wanataja kimoja. Kile kinachouma zaidi. Bega ukilitaja mwezi wa sita mtu atakuuliza mbona mwezi wa pili hukusema. Akae chini aandike kuanzia utosini mpaka unyayoni: usingizi, kizunguzungu, kushindwa kuinua ndoo, kushindwa kuchuchumaa chooni. Mambo ya chooni msiyaonee aibu, daktari anayahitaji.

Mwisho wa Reli

Nesi, mwenyezi Mungu akubariki. Nimemuuliza sasa hivi. Kizunguzungu kipo, tangu mwezi wa pili. Hakuwahi kumwambia mtu, "nilidhani ni njaa".

Kijana wa Mwanga

Wakuu, mimi huwa naangalia video za mawakili wa Marekani. Wanasema usisaini kamwe ofa ya kwanza, jibu kwa kutaja mara tatu yake, watapanda. Kwa nini asimwambie mwajiri milioni tisa?

Binti wa Ujiji

Hapo ndipo video zinapowaponza watu. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na kwa wengi anayelipa ni kampuni ya bima, kwa hiyo kuna kuvutana bei. California kwa mfano mnaweza kukubaliana mkupuo mmoja unaofunga kila kitu hadi matibabu ya baadaye, na hata hivyo hakimu wa mambo ya fidia lazima aidhinishe. Kwetu kwenye Mfuko hakuna kuvutana. Kuna kanuni ya hesabu. Ukienda WCF ukasema "niongezeeni" watakuangalia tu. Kinachoamua pesa yako ni vitu vitatu vilivyoandikwa kwenye faili: mshahara gani, majeraha gani, asilimia ngapi. Kapiganie hayo. Akimwambia mwajiri milioni tisa, anajadiliana na mtu asiye na mamlaka ya kumpima mguu.

Ila kuna kitu kimoja cha California nakipenda. Nao wana jedwali la kuunganisha asilimia kama nilivyoeleza. Katika miaka ya 2010 palikuwa na shauri la mfanyakazi aliyeumia nyonga zote mbili. Daktari akasema kwa huyu mtu msiunganishe, jumlisheni, maana madhara ya nyonga moja yanaongezewa nguvu na ya pili. Ikakubaliwa. Nilipoisoma nilimkumbuka bibi yangu: goti moja likimsumbua alikuwa anaegemea lingine, yalipoharibika yote mawili akawa hana pa kuegemea.

Sisemi hapa kwetu sheria ni hiyo, msije mkaenda na uzi huu WCF mkasema Binti wa Ujiji kasema. Nasema daktari aambiwe jinsi majeraha yanavyoshikana. Mtoa uzi, mguu mbovu ni wa kulia na bega bovu ni la kulia. Anatembeaje na magongo?

Mwisho wa Reli

Anatumia gongo moja, mkono wa kushoto. La kulia hawezi kulibana, bega linagoma. Akipanda ngazi anakaa anapanda kwa makalio kama mtoto.

Binti wa Ujiji

Hilo hasa. Liandikwe.

Mpiga Debe Nguruka

Na sisi vibarua tusio na mkataba je? Mimi nilivunjika kidole napakia magunia, bosi akasema wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni kibarua.

Binti wa Ujiji

Hayo ni maneno ya mabosi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi akiwa na hata sifa moja kati ya zilizoorodheshwa pale: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa, unatumia vifaa vyake, unamtegemea yeye kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku sita tu! Mwajiri ndiye athibitishe kinyume. Tafuta miamala ya simu aliyokulipia, picha za kazini, mwenzako wa zamu.

Na tafadhali msichanganye. CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni pa kwenda ukifukuzwa kazi, na hapo una siku 30 tu. Fidia ya kuumia ni Mfuko. Nimewaona watu wamezunguka CMA mwaka mzima na kidole mkononi.

Meneja Mstaafu

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, kwenye tumbaku Urambo, naomba nisitukanwe. Si kila mwajiri anayetoa pesa mkononi ni mwizi. Wengine hawajui, wanadhani kuripoti ajali ni kujishtaki. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu aambiwe. Kuna niliowaona wamepitisha siku hizo kwa woga, halafu wakaona wameshachelewa, wakaamua kuzima kimya kimya. Mwambieni kwa upole kwamba kuchelewa kunatibika, ila karatasi ya "sina madai" itamweka pabaya zaidi siku mambo yakitoka. Mkienda kwa ugomvi atawafungia hata nakala za mishahara.

Gungu Mjini

Meneja umeongea kikubwa. Nafuta ushauri wangu wa bodaboda.

Mwisho wa Reli

MREJESHO WA KWANZA. Hajasaini. Ijumaa tulienda wawili na mama mkubwa, kwa sababu mbele ya mama mkubwa hakuna mtu anayepandisha sauti. Tuliongea vizuri kama Meneja alivyoshauri. Kumbe alisharipoti! Ila taarifa aliyotuma inasema "kuvunjika mguu wa kulia" basi. Bega hamna, sikio hamna. Na kwenye mshahara imeandikwa 250,000.

Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Kwa ulemavu wa 32 wa mfano wa dada, mshahara wa 250,000 unaleta 56,000 kwa mwezi badala ya 89,600. Kila mwezi, maisha yake yote. Nilitaka kusimama, mama mkubwa akanishika shati.

Binti wa Ujiji

Mshahara uliingia wapi?

Mwisho wa Reli

Benki. Laki nne kasoro makato, kila mwezi, miaka mitatu.

Binti wa Ujiji

Basi umeshinda hiyo. Kachukue taarifa ya benki yenye mhuri. Barua fupi kwa Mfuko, nakala kwa mwajiri, upokee mhuri kwenye nakala yako: majeraha hayakuandikwa yote, mshahara si huo, ushahidi huu hapa. Usiandike hadithi ya mama mkubwa.

Mwisho wa Reli

MREJESHO WA PILI, baada ya miezi miwili na kidogo. Samahani kwa kimya, tulikuwa barabarani.

Hospitali ya Maweni hapa Kigoma walimwangalia bega upya, wakaandika kwamba mkono haupandi kupita usawa wa bega. Wakampa rufaa ya sikio Mwanza. Tulienda kwa basi, ile njia na mguu wenye chuma sitaki kuikumbuka. Amepimwa: kulia kumeshuka sana, kushoto kumeshuka kidogo. Kwa hiyo Nesi ulisema kweli, yawezekana ni ajali juu ya kelele. Daktari ameandika vyote viwili.

Mshahara umerekebishwa. Mwajiri alileta nakala mwenyewe, akasema mhasibu alikosea. Sawa, mhasibu alikosea. Malipo ya ulemavu wa muda yameanza kuhesabiwa kwa 280,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo alikuwa anapewa laki moja "ya sabuni" na anaambiwa ashukuru.

Tathmini ya mwisho bado. Wamesema asubiri bega limalize mazoezi. Asilimia ikitoka nitaileta hapa, iwe juu ya mstari au chini.

Nesi wa Kibondo

Kizunguzungu kimeandikwa?

Mwisho wa Reli

Kimeandikwa. Na choo kimeandikwa. Alimwambia daktari huku anaangalia dirishani.

Abiria wa Kaliua

Nimesoma uzi wote nimetokwa jasho. Mimi niliumia kiuno na vidole viwili zaidi ya mwaka sasa, nikalipiwa vidole laki nane na mwajiri. Kiuno ndicho kinaniua. Bado naweza kudai?

Binti wa Ujiji

Sheria imeweka miezi 12 ya kutoa taarifa, ndiyo maana nauliza hili kwanza: siku ile ile au wiki ile, kiuno ulimwambia nani, na kuna maandishi popote? Kadi ya kliniki, daftari la ajali, hata ujumbe wa simu?

Abiria wa Kaliua

Nilimwambia msimamizi kwa mdomo. Yeye aliandika kwenye daftari lake. Amehamia Mpanda.

Binti wa Ujiji

Namba yake unayo? Mpigie leo, kabla hajatupa hilo daftari.